Mwalimu Nyerere Alivyotafuta Wataalamu wa Nchi

1. Reli ya Mpanda



Huenda umepata kupanda garimoshi kutoka Mpanda kwenda Tabora. Reli hiyo inatoka Mpanda mpaka Kaliua. Urefu wake ni kama kilomita 210. Ilifunguliwa mwaka 1950, wakati wa ukoloni wa Waingereza. Je, unajua ilijengwa kwa sababu gani?

Haikujengwa kwa ajili ya mahindi yetu. Haikujengwa kwa ajili ya asali yetu wala tumbaku yetu. Ilijengwa kwa ajili ya mgodi. Karibu na Mpanda palikuwa na madini ya risasi. Risasi ni madini mazito sana. Hutumika kutengeneza betri za magari na vitu vingine vingi. Pamoja na risasi, mgodi huo ulitoa shaba, fedha na dhahabu. Madini yalipakiwa katika mabehewa, yakapelekwa pwani, yakavuka bahari.

Wenyeji walifanya kazi nyingi katika mgodi huo. Walichimba, walisukuma, walibeba. Lakini kupima miamba na kuchora ramani za mgodi ilikuwa kazi ya wataalamu wa kigeni. Wao ndio waliojua siri ya mgodi.

Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Wageni walifunga mizigo yao wakaondoka. Waliondoka na ujuzi wao pia. Mpanda ilibaki na reli na mashimo. Haikubaki na wahandisi wala wapimaji wa miamba.

Mwaka uliofuata nchi ilipata Uhuru. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Julius Kambarage Nyerere. Jambo hili la kukosa wataalamu lilimsumbua kwa miaka mingi. Katika kitabu hiki utasoma alikuwa nani, na alifanya nini ili nchi ipate wataalamu wake.

2. Mtoto wa Butiama

Julius Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1922. Alizaliwa Butiama, karibu na Musoma. Baba yake aliitwa Nyerere Burito. Alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake aliitwa Mgaya.

Ingawa baba alikuwa chifu, mtoto alifanya kazi kama watoto wengine wa kijijini. Alichunga mbuzi. Hakuanza shule mapema. Alianza mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Shule yake ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma. Unaona basi, ndugu msomaji, kwamba kuchelewa kuanza si kukosa.

Mwaka 1937 alikwenda Tabora katika shule ya serikali. Wakati ule Mpanda na Tabora zilikuwa katika jimbo moja, Jimbo la Magharibi, na makao ya jimbo yalikuwa Tabora.

Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda. Huko alijifunza ualimu. Alimaliza mwaka 1945. Kisha alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Moja ya masomo aliyofundisha lilikuwa Biolojia. Biolojia ni elimu ya viumbe, yaani watu, wanyama na mimea. Kumbe, kabla ya kuwa kiongozi, Mwalimu Nyerere alikuwa mwalimu wa sayansi.

Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh, huko Scotland. Alirudi mwaka 1952 na shahada. Alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Tarehe 7 Julai, 1954, yeye na wenzake walianzisha chama cha TANU. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili adai Uhuru. Lakini watu waliendelea kumwita Mwalimu mpaka alipokufa.

3. Wahandisi wawili

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Watu walishangilia. Lakini baada ya ngoma, kazi ilianza.

Fikiri kidogo. Nchi ilikuwa na watu karibu milioni 10. Kati ya watu hao wote, wahandisi wazalendo walikuwa 2 tu. Madaktari wazalendo walikuwa 12. Mwalimu alizikumbuka hesabu hizo hadi uzeeni.

Mhandisi ni mtaalamu wa kubuni na kusimamia kazi za ujenzi na mitambo. Anapima mto kabla daraja halijajengwa. Anajua nondo ngapi zitatosha na saruji kiasi gani. Bila yeye daraja linaweza kuanguka na kuua watu. Je, wahandisi 2 wangewezaje kusimamia nchi kubwa hivi? Nani angesimamia visima? Nani angesimamia umeme, barabara, reli na bandari?

Serikali iliweza kuajiri wageni, na iliajiri. Lakini mgeni ana mkataba. Mkataba ukiisha, anakwenda kwao. Tena mgeni hulipwa mshahara mkubwa. Na nchi inayotegemea wageni kwa kila jambo haiwezi kuamua mambo yake kwa uhuru. Watu wa Mpanda walikuwa wamekwisha kuona jambo hilo katika mgodi wao.

4. Mpango wa serikali

Mwaka 1964 serikali ilitoa Mpango wa kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Mpango huo ulikuwa na shabaha tatu kubwa. Ya kwanza ni kuongeza mapato ya kila mwananchi. Ya pili ni kuongeza umri wa watu kuishi. Ya tatu ni kwamba ifikapo mwaka 1980, nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake.

Ili kufikia shabaha ya tatu, serikali ilihesabu. Tunahitaji madaktari wangapi? Wahandisi wangapi? Walimu wa sayansi wangapi? Mabwana shamba wangapi? Kisha ilipanga nafasi za shule kwa kufuata hesabu hiyo. Ada za shule za sekondari zilifutwa, ili mtoto wa maskini asikose nafasi kwa ajili ya fedha. Wanafunzi wa chuo kikuu walilipiwa na serikali. Wao nao waliahidi kuitumikia nchi kwa miaka kadhaa baada ya masomo.

Lakini mpango huu ulikuwa na upande mchungu. Fedha zilikuwa kidogo. Serikali iliona kwamba haiwezi kujenga shule za sekondari kwa watoto wote. Kwa hiyo ilichagua wachache, kwa kadiri ya wataalamu waliohitajiwa. Watoto wengi waliofaulu darasa la mwisho la msingi hawakupata nafasi. Walirudi nyumbani na machozi. Wazazi wengi walinung'unika. Walikuwa na sababu ya kunung'unika.

Hapo ndipo palipokuwa na swali gumu. Nchi maskini ifanye nini kwanza? Iwasomeshe wachache sana mpaka juu, ili wawe wahandisi na madaktari? Au iwafundishe wote kidogo, ili kila mtu ajue kusoma na kuhesabu? Utaona kwamba Mwalimu alijaribu kufanya yote mawili, na kila moja lilikuwa na gharama yake.

5. Deni la msomi

Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Kilianza katika jengo la TANU, Dar es Salaam. Kilikuwa na wanafunzi wachache sana, na wote walisoma sheria. Mwaka 1964 kilihamia mlimani. Mwaka 1965 masomo ya sayansi yalianza.

Mwaka 1966 serikali ilitaka kila msomi aingie Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa muda wa miezi 18 sehemu kubwa ya mshahara wake ingekatwa. Wanafunzi wengi walikataa. Tarehe 22 Oktoba, 1966, waliandamana mpaka Ikulu. Mwalimu alikasirika sana. Aliwafukuza wanafunzi karibu 400. Siku hiyo hiyo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja ya tano.

Jambo hili si dogo, ndugu msomaji. Nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, na sasa mamia walirudishwa makwao. Wengine waliona kwamba Mwalimu alikuwa mkali kupita kiasi. Wengine waliona kwamba alikuwa na haki. Mwaka 1967 wengi wa wanafunzi hao waliruhusiwa kurudi.

Mwalimu aliona hivi. Mkulima wa kijijini ndiye anayemlipia msomi. Jasho la pamba, kahawa na tumbaku ndilo linalojenga chuo kikuu. Kwa hiyo msomi ana deni. Haifai apate elimu kisha awadharau waliomlipia. Mawazo haya aliyaeleza katika Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967. Humo alitaka shule zifundishe kazi na ushirikiano, siyo kupita mitihani tu.

6. Wahandisi wanafundishwa nyumbani

Kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda nje. Wengi walikwenda Nairobi. Wengine walikwenda Ulaya, Asia au Marekani. Wachache tu waliweza kwenda.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kujitegemea, na Mwalimu akawa Mkuu wake. Mwaka 1973 kitivo cha uhandisi kilifunguliwa hapo. Ujerumani Magharibi ilisaidia kwa majengo, mitambo na walimu. Wanafunzi walijifunza ujenzi, mitambo na umeme. Hawakukaa darasani tu. Walipelekwa pia viwandani na kwenye kazi za ujenzi, wakashika nyundo na spana. Mwaka 1977 wahandisi wa kwanza waliofundishwa hapa nchini walimaliza masomo yao.

Lakini mhandisi peke yake hawezi kujenga. Anahitaji mafundi sanifu wa kumsaidia. Nao wanahitaji mafundi mchundo: waashi, maseremala, mafundi wa kuchomea vyuma na mafundi wa umeme. Kwa hiyo serikali iliimarisha Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam. Mwaka 1978 Chuo cha Ufundi cha Arusha kilifunguliwa. Mwaka 1973 shirika la SIDO lilianzishwa ili kusaidia viwanda vidogo. Na tangu mwaka 1975 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza kufunguliwa wilayani, ili watu wazima wajifunze ufundi karibu na kwao. Kwetu Mpanda tulipata Chuo cha Msaginya.

Wakati huo huo kazi zenyewe zilikuwa shule. Kati ya mwaka 1970 na 1975, reli ya TAZARA ilijengwa kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Urefu wake ni kilomita 1,860. Wachina waliijenga pamoja na Watanzania na Wazambia. Vijana wengi walijifunza hapo kulipua miamba, kutandika reli na kutengeneza injini. Linganisha na mgodi wa Mpanda. Safari hii wageni walipoondoka, baadhi ya ujuzi ulibaki.

7. Watu wazima hawakusahauliwa

Mwalimu alijua kwamba mtoto huchukua miaka mingi kukua. Nchi haiwezi kungoja. Watu wazima ndio wanaolima, ndio wanaolea, ndio wanaoamua leo. Kwa hiyo alitangaza kwamba mwaka 1970 uwe Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima.

Madarasa ya kisomo yalifunguliwa kila mahali. Watu walisoma shuleni, chini ya miembe, viwandani na magerezani. Vitabu vya kwanza vilihusu kazi zao: pamba, mahindi, mifugo, uvuvi, chakula bora. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio na vikundi vya kusoma. Watu walijifunza jinsi ya kuzuia malaria na kuhara. Walichimba vyoo vingi mno.

Tazama hesabu hizi. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100, watu 67 hawakujua kusoma. Mwaka 1975 walibaki 39. Mwaka 1977 walibaki 27. Mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba walibaki kama 10 tu. Dunia nzima ilistaajabu.

Labda utauliza: kisomo cha mama wa kijijini kinahusu nini na uhandisi? Kinahusu sana. Mama anayejua kusoma huona maandishi ya kopo la dawa ya mazao, akapima kwa haki. Hujua tarehe ya chanjo ya mtoto. Huangalia daftari la mtoto wake. Mtoto huyo akishindwa hesabu, mama haambii majirani kwamba hesabu ni uchawi. Humwambia ajaribu tena. Mhandisi huanza kutengenezwa hapo, kabla hajaliona jengo la chuo kikuu.

8. Mambo yaliyokuwa magumu

Tusifiche magumu. Novemba 1974, huko Musoma, TANU iliamua kwamba watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977. Madarasa yalijengwa haraka kwa nguvu za wananchi. Watoto waliingia kwa mamilioni. Lakini walimu hawakutosha. Vijana wengi waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu kwa haraka, huku wakifundisha. Madawati na vitabu vilikuwa haba.

Kisha shida zikaja pamoja. Bei ya mafuta ilipanda. Mwaka 1978 Idi Amin wa Uganda aliivamia nchi yetu, na vita ikala fedha nyingi. Kukawa na ukame. Katika miaka ya 1980 duka lilikosa sabuni, na maabara ya shule ilikosa dawa za kufanyia majaribio. Mwanafunzi alisoma habari za sayansi bila kuiona kwa macho.

Mwaka 1980 ulifika. Ile shabaha ya mwaka 1964 haikutimia yote. Wataalamu wa kigeni walikuwa bado wapo. Na shule za sekondari zilikuwa bado chache mno, hata kuliko za nchi jirani. Hilo lilikuwa kosa lililochukua miaka mingi kusahihishwa, kwa sababu mhandisi hatoki darasa la saba moja kwa moja. Lazima apite sekondari.

Lakini linganisha mwanzo na mwisho. Mwalimu aliposhika nchi, wahandisi walikuwa 2. Alipoacha urais mwaka 1985, wahandisi na madaktari wa Tanzania walihesabiwa kwa maelfu. Naye aliacha madaraka kwa hiari yake, akarudi Butiama kulima.

9. Baada ya Mwalimu

Mwalimu Nyerere alikufa London tarehe 14 Oktoba, 1999. Alikuwa na kansa ya damu. Alizikwa Butiama, kijijini kwao. Kila mwaka tarehe hiyo ni siku ya kumkumbuka.

Kazi aliyoianza inaendelea. Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa Morogoro. Mwaka 1986 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia. Tangu mwaka 2016 watoto wanasoma bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Tena tangu mwaka 2022 vijana waliofaulu sana sayansi katika kidato cha sita hulipiwa na serikali chuo kikuu.

Huko Rufiji pamejengwa bwawa la umeme lenye jina la Julius Nyerere. Lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Uwezo wake ni megawati 2,115. Kampuni za Misri zililijenga, na wahandisi wa Tanzania waliisimamia kazi. Mwaka 1961 tusingeweza hata kusimamia.

Na kwetu je? Mpanda sasa ni makao ya Mkoa wa Katavi, ulioundwa mwaka 2012. Chuo cha ufundi cha VETA kipo Mpanda. Mpimbwe, wilayani Mlele, lipo tawi la Chuo Kikuu cha Sokoine. Zamani kijana wa hapa aliyetaka chuo kikuu alisafiri siku nyingi.

Lakini chuo bila mwanafunzi ni ukuta tu. Msimu wa kulima ukifika, baadhi ya watoto huacha shule. Wengine huchunga ng'ombe. Wasichana wengine huozwa mapema. Kati ya watoto hao huenda yumo aliyekuwa awe mpimaji wa miamba, ajue kilichobaki chini ya ardhi ya Mpanda. Serikali inaweza kuweka sheria na kujenga maabara. Haiwezi kumwamsha mtoto wako asubuhi. Kazi hiyo ni yako.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mchunga mbuzi mpaka miaka 12. Kama baba yake angemwacha machungani, nani angejua jina lake?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Reli ya Mpanda ilijengwa kwa sababu gani?
2. Nchi ilikuwa na wahandisi wangapi wakati wa Uhuru?
3. Mpango wa mwaka 1964 ulikuwa na shabaha gani juu ya wataalamu?
4. Mwalimu aliwafukuza wanafunzi mwaka 1966. Wewe unaonaje? Toa sababu.
5. Je, ni bora kusomesha wachache mpaka juu, au wote kidogo? Zungumzeni.
6. Katika kijiji chenu, ni watoto wangapi wameacha shule mwaka huu? Darasa linaweza kufanya nini?

Maneno ya kukumbuka

mhandisi – mtaalamu wa kubuni na kusimamia ujenzi au mitambo
fundi sanifu – fundi aliyesoma chuo, msaidizi wa mhandisi
fundi mchundo – fundi wa kazi za mikono, kama mwashi
kitivo – sehemu ya chuo kikuu yenye masomo ya aina moja
maabara – chumba cha kufanyia majaribio ya sayansi
kujitosheleza – kuwa na vya kutosha bila kutegemea wengine